Baridi Hii Mama Yuko kwa Wifi

Nyumbu aliposhuka mteremko na godoro la mama mgongoni, Tuda alikuwa juu ya paa la nyumba yake, masizi mpaka viwikoni, akisugua bomba la moshi la chumba kile kile ambacho godoro hilo lingetandikwa. Alifurahi. Aliweka brashi chini, akajipangusa uso kwa mkono mchafu na kujichafua zaidi, akaita, "Karibu, mama! Chumba nimeshakipaka chokaa!"

Nyumbu hakukata kona. Alipita mbele ya lango, akaendelea na njia. Aliyemvuta kamba alikuwa Haddu, kaka yake Tuda, na macho ya Haddu yalikuwa chini kama ya mtu aliyeangusha sindano. Nyuma yao alikuja mama, Bi Izza, kwa mkongojo wake, pole pole, shali la sufu limemfunika mpaka kidevuni.

Alisimama langoni kuvuta pumzi.

"Mwanangu," alisema, "baridi hii nitakaa kwa kaka yako."

"Kwa nani?"

"Kwa Haddu. Na Mahjuba."

"Na chumba?"

"Kizuri. Nakiona kinavyong'aa. Shuka huko juu kabla hujavunjika mguu."

Akaendelea na safari yake. Tuda alibaki juu ya paa na brashi yake, na majirani wawili waliokuwa wakianika vitunguu ng'ambo ya njia ghafla wakawa na vitunguu vingi sana vya kugeuza.

Ait Zagmir ni kijiji cha juu milimani. Theluji ikifunga barabara, ulichonacho ndani ndicho ulichonacho. Kwa hiyo mwezi wa kumi ukiingia hakuna anayekaa. Mabomba ya moshi husafishwa yasije yakaua watu kwa hewa chafu, nyufa za madirisha huzibwa kwa sufu, majani ya zaatari hutwangwa na kuchanganywa na asali, magogo ya mwaloni hupasuliwa na kupangwa chini ya paa. Wazee wanaoishi peke yao huteremshwa kwenye nyumba za watoto wao zenye majiko mazuri. Halafu nesi Siham hupanda kutoka mjini na sanduku lake la barafu, akawachoma chanjo ya mafua wazee na wenye vifua vibovu kwenye zahanati ya chumba kimoja.

Katika mambo hayo yote Tuda ndiye aliyekuwa akiulizwa. Kikohozi cha mtoto, samli ya zamani ya kusugua kifua, kiasi gani cha kitunguu saumu: kamuulize Tuda. Heshima hiyo aliipata kwa kumtunza mama yake. Tangu baba alipokufa, majira tisa ya baridi, Bi Izza alikuwa akiteremka kwa Tuda, na mwaka ule alipopatwa na kichomi Tuda alikesha naye siku sita, amemwegemeza kifuani kama mtoto, mpaka kikamwachia. Kijiji kizima kilijua. Wanawake walimtolea mfano mabinti zao.

Haddu siku zote hizo alikuwa mji wa Agadir, pwani, anajenga nyumba za watu. Alirudi kiangazi kile na vyombo vyake, jiko jipya la chuma, na mke. Mahjuba, mtoto wa pwani ya joto, hajawahi kuona theluji ila kwenye televisheni.

"Atamuua mama yangu," Tuda alimwambia mumewe, Bassu, huku akinawa masizi. "Mwanamke yule hajui hata kuwasha kuni."

"Labda mama yako atamfundisha," Bassu alisema.

Hakuongezewa chai siku hiyo.

Siku ya tatu Tuda alishindwa kuvumilia, akaenda na mtungi wa asali na zaatari. Mlangoni alisikia kicheko. Alisimama. Kilikuwa kicheko cha mama yake, kile cha kupaliwa, ambacho hakukisikia tangu baba alipokuwa hai.

Ndani, Bi Izza alikaa karibu na jiko, miguu amenyoosha, maharage makavu yamejaa kwenye kanga ya mapajani, anayachambua. Mahjuba alipiga magoti mbele ya jiko, macho yamejaa machozi ya moshi.

"Karibu, wifi!" Mahjuba alisema. "Mbona umesimama mlangoni kama mpelelezi?"

"Nimekuja kuona kama mama yangu bado anapumua humu."

"Anapumua na kunitukana. Asubuhi hii ameniita mbuzi mara mbili."

"Mara tatu," alisema Bi Izza. "Fungua kile kidirisha cha chini, wewe mbuzi. Moto nao unataka kuvuta hewa."

Mahjuba akafungua, moto ukashika, akapiga makofi kama mtoto. Bi Izza akacheka tena. Tuda aliuweka mtungi juu ya meza. Mtungi mwingine ulikuwa hapo tayari, zaatari na asali, umeandaliwa kwa mkono ule ule wa mama, kitambaa kimefungwa kwa fundo lake. Kisha chakula kikaja, bisara nzito ya maharage iliyoelea mafuta ya zeituni, na bisara yenyewe ilikuwa na chumvi kupita kiasi, Tuda aliapa moyoni kwamba hata punda angeikataa. Mama alikula bakuli zima. Akaongeza.

Kwa Tuda, mama alikuwa akila vijiko vinne na kusema, "Nimeshiba, mwanangu."

Alirudi nyumbani na kijiba cha roho ambacho hakikushuka. Kila siku kilipata chakula kipya. Alisikia kuwa Mahjuba amewaalika wanawake kushona mapazia mazito ya milango, wameshona ishirini, wakamaliza na kucheza. Alisikia kuwa vikongwe wawili waliokuwa wakiikimbia sindano ya Siham miaka yote wamekubali mwaka huu, kwa sababu mke wa Haddu amewaahidi supu ya moto baada ya kuchomwa. Kila aliyemletea habari hizo alimalizia kwa kusema, "Wifi yako ana moyo!" Tuda alijibu, "Eeh, anao," huku akisaga meno.

Siku ya chanjo watu walijipanga nje ya zahanati, wamejifunika mablanketi. Tuda alikuwa ndani akimsaidia Siham kama kila mwaka, kufunua mikono ya wazee na kuwatuliza. Ilipofika zamu ya Bi Izza, Mahjuba alikuwa amekwenda kumchukua nyumbani. Walikuwa njiani, wameshikana mikono. Tuda aliwaona dirishani. Mama alikuwa amemwegemea yule mwanamke kwa uzito wake wote, vile alivyozoea kumwegemea yeye.

"Wewe ndiye uliyemuuguza," Siham alisema, kalamu mkononi. "Mwaka jana chanjo haikumsumbua?"

Tuda hakupanga kusema uongo. Baadaye alijiapia hivyo, na ilikuwa kweli. Mdomo ulimtangulia tu.

"Ilimsumbua sana. Mkono ulivimba mpaka hapa. Homa siku nne. Mwache, Siham. Mimi mwenyewe nitamshusha mjini kwa daktari, Jumanne ya soko."

Alitaka jambo dogo tu. Alitaka wakae wawili kwenye kiti cha gari, yeye na mama yake, waende na kurudi, watu wawaone.

Siham alikunja uso, akaandika. Bi Izza alipoingia aliambiwa atachomwa mjini, binti yake atampeleka, naye akafurahi, akasema atajinunulia soksi. Mahjuba, aliyeambiwa sababu kando na Siham, ndiye aliyebadilika rangi.

"Sikujua kama ilimdhuru," alimnong'oneza Tuda nje. "Samahani, wifi. Ningemletea balaa kwa ujinga wangu. Ahsante kwa kuwa ulikuwepo."

Tuda angependa kutukanwa kuliko kusikia maneno yale.

Jumapili theluji ikaanguka. Wiki tatu kabla ya wakati wake, na haikuanguka kwa majaribio. Ilianguka siku mbili bila kupumzika. Jumanne ya soko hakuna aliyeliona soko. Barabara ilifungwa, na gari la mwisho kupanda lilikuwa limewaleta wanafunzi wa bweni, wakiwemo watoto wawili wa Tuda, Zahwa na Hammu. Wote wawili walishuka wakipiga chafya.

Baada ya siku tatu nyumba nane zilikuwa na wagonjwa. Homa ilikuwa kali, viungo vikiuma, kikohozi kikavu. Wazee waliochomwa, wengi wao ugonjwa uliwapitia juu juu au haukuwagusa kabisa. Tuda mwenyewe alianguka siku ya nne. Alilala katika chumba kilichopakwa chokaa kwa ajili ya mama, jasho likimtoka, na kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwake: katika Ait Zagmir nzima kuna kifua kibovu kimoja ambacho hakikuchomwa.

Bassu alipoingia na uji alimkuta anavaa viatu.

"Unakwenda wapi na homa hiyo?"

"Kwa Mahjuba."

"Mama yako ametuma ujumbe kwamba anataka kuja kuwaona watoto."

"Ndiyo maana naenda. Niachie hilo koti."

Hakubisha mlango. Alizunguka mpaka dirisha la jikoni, akajifunga shali mdomoni, akagonga kioo. Mahjuba alitokea, mikono imejaa unga, akatabasamu, akaashiria aingie. Tuda alitikisa kichwa.

"Mama haruhusiwi kuja kwangu!" alisema kwa nguvu ili sauti ipenye kioo. "Wala mtu yeyote anayekohoa asije hapa. Mama hana kinga."

"Najua. Tunangoja daktari, kwa vile chanjo inam..."

"Haimdhuru. Haijawahi kumdhuru. Nilimdanganya Siham."

Mahjuba alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Rudia."

Tuda alirudia.

"Kwa nini?"

"Alikuwa amekuegemea wewe."

Theluji ilidondoka kutoka paani ikamwangukia Tuda begani, wala hakuipangusa.

"Wewe ni mtu wa namna gani?" Mahjuba aliuliza.

"Mtu mwenye wivu," Tuda alisema. Kikohozi kikamkamata, akainama, kikamwacha. "Nakuonea wivu mpaka naumwa meno. Sasa funga nyumba."

Mahjuba alivuta vibao vya dirisha kwa kishindo. Tuda alikuwa ameshageuka alipovisikia vikifunguliwa tena.

"Wewe!" Mahjuba aliita. "Sijui mambo ya huku. Niambie nifanye nini, halafu uondoke mbele ya macho yangu."

Basi Tuda akamwambia, akiwa kasimama kwenye theluji. Haddu alale chumba cha nje. Kila anayeingia anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa kitu. Dirisha lifunguliwe kidogo mchana hata kama mama atalalamika, naye atalalamika. Chakula na kuni viwekwe juu ya ukuta, visikabidhiwe mkono kwa mkono.

Siku kumi zilizofuata alizipitisha akipona. Alipopata nguvu za kutembea alikwenda kila mchana kwenye dirisha lile na kusimama hatua tatu mbali. Humo ndani, mbele ya moto, mama yake na wifi yake walikuwa wakichambua sufu, magoti yao yamegusana. Kama kuna adhabu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu, ni hiyo. Alitazama. Roho ilimwuma vile vile, hata kidogo haikupungua, ila sasa alikuwa na kazi ya kufanya nayo: kusimama hatua tatu mbali.

Siku moja Bi Izza alivuta kigoda mpaka dirishani.

"Mahjuba ameniambia," alisema.

Tuda aliinamisha kichwa.

"Nikutukane kupitia kioo? Hutasikia vizuri. Ukipona kabisa njoo nikutukane karibu."

"Mama. Nilikukosea nini hata ukahama?"

Bi Izza alikuna shavu akifikiri. "Hukunikosea. Kwako nilikuwa mgonjwa. Nikinyanyua sufuria, unaninyang'anya. Nikisimama, 'kaa, mama.' Nikipiga chafya, unaita majirani. Huyu hajui kitu. Hajui kuwasha jiko, hajui kuzuia mlango usigande. Ananiuliza. Nina miaka sabini na minane, Tuda, na kuna mtu kutwa ananiuliza."

"Na mimi ningekuuliza."

"Ungeniuliza nini? Unajua kila kitu. Nilikufundisha mwenyewe, kosa langu."

Tuda alicheka bila kutaka, na macho yakamchoma.

Kisha Haddu akaumwa. Alikuwa ameshinda na wanaume wenzake wakifukua njia ya kisima, akarudi anatetemeka. Kesho yake Mahjuba. Habari ilifika kwa Tuda asubuhi iliyofuata, Bassu akiileta huku anakung'uta theluji viatuni.

"Mama yako hawezi kubaki pale," alisema. "Mlete hapa. Si ndicho ulichokuwa ukikitaka?"

Chumba kilikuwa wazi. Godoro lingeenea pale pembeni. Tuda aliliona kabisa, na mama juu yake, na yeye pembeni ya mama, na watu wakisema: mwishowe amerudi kwa Tuda. Hammu alikohoa chumba cha pili. Akakohoa tena.

Tuda alifunga mlango wa chumba kile, akavuka njia kwenda kwa Bi Rabha, mjane wa muuza tufaha, aliyeishi peke yake na paka na ambaye sindano ya Siham alikuwa ameipata wa kwanza kwenye mstari.

"Nakuomba ukae na mama yangu," alisema akiwa kizingitini, shali mdomoni. "Kwangu kuna kikohozi."

Bi Rabha alimpima kwa macho. Alikuwa na masikio kama wengine. Habari ya uongo wa zahanati alikuwa ameshaisikia.

"Anakoroma?"

"Kama trekta."

"Vizuri. Paka naye hukoroma, hatajiona mnyonge. Mlete."

Bassu alimbeba Bi Izza mgongoni, godoro likafuata. Na Tuda, ambaye homa ilikuwa imeshampitia na haikuwa na la kumfanya tena, alikwenda kwa wifi yake. Alimpa kaka yake uji, akaingia kwa Mahjuba.

Mahjuba alifungua jicho moja. "Umekuja kunimaliza?"

"Ningetaka kukumaliza ningekulisha bisara yako mwenyewe. Inuka, nguo zimelowa."

Alimvua vazi la jasho, na hapo akauona. Shingoni mwa Mahjuba kulikuwa na mkufu wa kaharabu wa mama, punje kubwa za rangi ya asali, ambao wanawake wa kwao huvaa kulinda koo wakati wa baridi. Bibi yake Tuda aliuvaa. Tuda alikuwa akiuhesabu wake tangu akiwa na miaka saba.

Mkono wake ulisimama hewani. Mahjuba alifuata macho yake, akaushika mkufu.

"Alinivisha jana nilipoanza kutetemeka," alisema. Meno yalikuwa yakigongana. "Sikumwomba, wallahi. Chukua. Fungua, mimi siwezi kunyoosha mikono."

Tuda alipeleka vidole kisogoni mwa wifi yake, akaigusa kamba. Fundo lilikuwa la mama. Lilikuwa jepesi kufunguka. Hatujui alikaa hivyo muda gani; yeye mwenyewe alisema maji yaliyokuwa jikoni yalichemka na kuanza kumwagikia moto, naye bado ameshika fundo.

"Koo lako linauma?" aliuliza mwisho.

"Kama nimemeza miba."

"Basi nyamaza." Akaachia kamba, akamvisha Mahjuba vazi kavu juu ya mkufu, akafunga vifungo mpaka juu, ili asiuone. "Nitauulizia ukipona. Usidhani nitasahau."

"Nani atadhani hivyo?" alisema Mahjuba, akafumba macho.

Alimuuguza siku tano. Hawakupatana kama ndugu wa hadithi. Mahjuba alikuwa mgonjwa mkorofi, alikataa samli kifuani akisema inanuka kondoo, na alipopata nafuu alimwambia Tuda waziwazi kwamba hajamsamehe. "Najua," Tuda alisema. "Kunywa."

Siku ya kumi na tisa tangu barabara ifungwe, katapila likaifungua, na nyuma yake akaja Siham. Tuda alimngoja mlangoni pa zahanati, akamweleza mbele ya watu. Siham alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba yeye huuliza maswali ili watu wasife, si kwa kupiga soga, na kwamba mwaka ujao ndani ya zahanati atasaidiwa na mtu mwingine. Alimtaja Mahjuba.

Bi Izza hakuugua hata siku moja. Siham alimchoma pale pale kwa Bi Rabha, na baada ya hapo mawifi wawili walifika, kila mmoja kwa njia yake, kila mmoja na sufuria yake, kumchukua mama. Mahjuba alikuwa amekonda, kajifunika blanketi la Haddu. Walikutana nje ya mlango.

"Nimeshamwashia jiko," alisema Mahjuba.

"Na mimi."

Mlango ukafunguliwa kidogo. Bi Izza alichungulia, paka begani.

"Wekeni ukutani hapo," alisema, akizinusa sufuria. "Mimi nipo hapa mpaka theluji iyeyuke. Rabha ananifundisha karata."

"Karata?" Tuda alisema. "Mama, wewe na karata?"

"Funga mlango, baridi inaingia!" Bi Rabha aliita kutoka ndani, na mlango ukafungwa.

Mawifi walibaki wamesimama kwenye matope ya theluji. Ndani kulisikika karata zikipigwa mezani, halafu kicheko, kile cha kupaliwa, kirefu, kisichotaka kuisha.

"Anacheka nini?" Mahjuba aliuliza.

"Sijui."

"Kwangu hakucheka hivyo."

"Wala kwangu," alisema Tuda. Akasogea karibu zaidi na mlango, na Mahjuba naye akasogea, wakatega masikio.